Somo la Benchi la Nyuma

Nilisikia sauti yangu mwenyewe kabla sijaona mtu. Ilitoka kwenye madirisha ya darasa yasiyo na vioo, ikavuka ua, ikanikuta nimebeba boksi la chaki kwapani. "Andikeni. Kitu chochote kilichozamishwa ndani ya maji, koma, hupata msukumo, wewe wa nyuma unalala, msukumo unaotoka chini kwenda juu, nukta." Halafu kikaja kikohozi. Kilikuwa changu kabisa, kile kikavu cha mtu aliyemeza vumbi la chaki, na nyuma yake ukafuata ukimya mfupi, kama nilivyonyamaza siku zote ili waliochelewa kuandika wafikie wenzao. Darasa zima likaangua kicheko.

Ninyi vijana mnaoanza leo kushika chaki, siku mtakayomsikia mwanafunzi akiwaigiza, msikimbilie fimbo, wala msikimbilie biro ya prefe, yaani ofisi ya mkuu wa shule. Simameni hapo hapo mlipo, msikilize mpaka mwisho. Hamtapata tena ripoti ya kweli kama ile.

Aliyekuwa mbele ya darasa ni Kasongo, mtoto wa fundi wa bandarini, kijana mrefu mwenye mdomo usiojua kuchoka. Alishika rula kama nilivyozoea kuishika mimi, kwa vidole viwili, kama sigara. Aliponiona mlangoni, rula ilishuka polepole.

"Endelea," nikamwambia.

"Mwalimu, nilikuwa ninarudilia somo tu."

"Njo ninasema endelea."

Akaendelea, maskini, safari hii bila kikohozi. Alilijua somo lote, hata mahali pa kuvuta pumzi. Alipomaliza nikamuuliza: ile meli inayopakia mihogo pale baba yako anapofanya kazi, msukumo huo uko upande gani? Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyepotea sokoni.

"Ah, Mwalimu. Haya ni maji ya kaye. Ya ziwa hatuyayasoma."

Kaye njo daftari, kwa ninyi msiokulia kwetu, na hiyo njo ni ndio yenu. Maji ya kaye. Na pale nyuma ya bega lake, dirisha zima lilikuwa limejaa ziwa, bluu, pana, na meli imelala juu yake na mstari wake wa rangi nyekundu ukilamba maji. Miaka yote ile nilikuwa nimewageuza watoto walipe ziwa mgongo ili wanitazame mimi.

Msituhukumu haraka. Ilikuwa miaka ya Zaire, tulipovaa abakosti, suti isiyo na tai, na kuitana Sitwayen, yaani raia, na Jumamosi tulipeleka darasa zima kufyeka majani kwenye salongo, kazi ya umma ya lazima. Kitabu cha fizikia katika shule yetu ya Kalemie kilikuwa kimoja, changu, kisicho na jalada. Mwalimu alisoma, wanafunzi waliandika, na yale maandishi tuliyaita note. Aliyekuwa na note nzuri alikuwa mwanafunzi mzuri. Mwalimu aliyemaliza kuzisoma kabla ya mwaka kwisha alikuwa mwalimu mzuri. Mimi nilimaliza mapema kila mwaka, nikapongezwa.

Siku ile nilimwendea Papa Mulongo, aliyefundisha hesabu tangu mimi sijaota ndevu. Nilimkuta nyuma ya shule akitengeneza chaki, maana ya dukani ilikuwa haba. Alikuwa akikanda pemba, ule udongo mweupe, anaviringisha vijiti na kuvianika juu ya bati. Jifunzeni hilo nalo: pemba uichunge kwa kitambaa kabla ya kuikanda, la sivyo chembe ya mchanga itapiga kelele ubaoni na darasa zima litashika masikio.

"Wananicheka, Papa," nikasema.

"Una bahati. Mimi wananiogopa, sijui kitu hata kimoja juu yao." Aliviringisha kijiti kingine. "Waulize wanataka kusoma nini."

"Na programu ya masomo?"

"Programu haina miguu, haitakimbia. Waulize, kisha unyamaze. Kunyamaza njo kazi yenyewe. Mimi ilinishinda."

"Nitanyamaza namna gani mbele ya darasa zima?"

"Ukishauliza, futa ubao. Kama ni safi, futa tena."

Katika ushauri wote niliopewa maishani, huo wa kufuta ubao safi ndio ulionifaa kuliko yote. Mgongo wa mwalimu una faida: mtoto anaweza kuufikiria kuwa ni ukuta.

Basi nikauliza. "Wiki ijayo, mnataka tusome nini?" Nikageuka, nikafuta. Nyuma yangu kimya kilikuwa kizito. Miaka ile, mtu mzima akiulizwa maoni yake alitazama kwanza kulia na kushoto, sembuse mtoto. Mwishowe nikasikia sauti ndogo.

"Mwalimu, nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Ni juu ya kuandika majina yetu kwa wakubwa?"

"Hapana. Ni fizikia tu."

Nilikuwa nimefuta ubao mpaka ukaanza kung'aa. Halafu Kasongo, kwa kuwa hakuweza kukaa kimya hata kanisani, akauliza kwa nini garimoshi linalotoka Kabalo linapiga ta-ta, ta-ta, na si mlio mmoja mrefu. Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, nikaliandika swali lake ubaoni kwa herufi kubwa, kama nilivyokuwa nikiandika majina ya wataalamu. Vicheko vikaisha wenyewe.

Ndivyo ilivyoanza desturi yetu. Kila Ijumaa benchi moja lilileta maswali ya nyumbani kwao, darasa likachagua moja, na kazi yangu ikawa kutafuta ni sura ipi ya programu inayolala ndani yake. Hamtaamini jinsi programu ya Kinshasa ilivyokuwa imejificha katika nyumba za mitaa yetu ya Kataki na Lubuye. Nguvu za nyenzo zilikuwa kwenye kafi ya mtumbwi. Mwanga ulikuwa kwenye taa za karabai zinazowaita ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kanuni yangu ilikuwa moja: swali lisijibiwe siku lilipoulizwa. Liache lilale. Swali likilala usiku mmoja nyumbani, asubuhi linarudi na watoto wake.

Swali la garimoshi lilirudi na watoto wengi. Wakagundua kwamba reli haikuungana. Kati ya chuma na chuma kuna mwanya. Kwa nini mafundi waliacha mwanya? Benchi la Kasongo likasema ni kwa sababu ya joto, benchi jingine likasema ni uvivu wa waliojenga. "Twende tupime," Kasongo akasema, "asubuhi na saa sita." Nikawaruhusu, nami nikabaki kufundisha darasa jingine.

Mlinzi wa kituo akawakuta wamepiga magoti kwenye njia ya reli na rula mkononi.

"Munapima reli juu ya nini?"

"Ni somo, Papa."

"Somo gani la kupima reli? Nani amewatuma?"

"Mwalimu."

"Na huyo mwalimu anataka kupitisha nini hapa?"

Akawaketisha kwenye ukuta wa kituo wangoje mkubwa. Nilisimuliwa baadaye kwamba Kasongo hakulia wala hakuomba kuachiliwa. Jua lilipopanda alianza kumsumbua mlinzi: "Papa, tukamate tu, tunakubali. Lakini utuache tupime ile ya saa sita, sasa ivi chuma imekuwa moto, kama tukikosa sasa tumepoteza yote." Mlinzi akakataa. Kasongo akamweleza kuhusu mwanya. Mlinzi akakataa tena, lakini kwa sauti ya chini zaidi. Alikuwa ametembea juu ya reli zile maisha yake yote, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba zinarefuka. Mwishowe alikwenda akapiga magoti yeye mwenyewe, rula mkononi, akapiga kelele kutoka kule: "Imepungua. Kweli, imepungua kidogo."

Waliporudi darasani walipokelewa kama timu iliyoshinda ugenini. Nami nilivimba kichwa. Nilijiona nimemaliza kazi: wanafunzi wanapanga somo lao, wanakamatwa kwa ajili yake, wanarudi wakiimba.

Saa ya kutoka, msichana mmoja alibaki akipanga vitu vyake polepole. Jina lake Feza, wa ukoo wa Waislamu wa Kataki ambao babu zao walivuka ziwa na chumvi na nguo kutoka upande wa Kigoma. Alikaa benchi la mwisho kabisa, pamoja na wasichana wengine wawili, na mwaka mzima nilikuwa nimemsikia akisema "hapa" tu nilipoita majina.

"Mwalimu, unasema sisi njo tunachagua."

"Ndiyo, ninyi."

"Sisi nani?"

Nikataka kujibu, akanitangulia, kwa upole, macho chini. "Kasongo anachagua. Wewe unauliza, yeye anasema, wenzake wanapiga meza. Zamani tulikuwa tunaandika maneno yako. Leo tunaandika ya Kasongo. Sisi wa nyuma hatuyaona mabadiliko."

Akaniaga, akaenda. Nilibaki nimekaa kwenye benchi lake. Mjaribu siku moja, vijana. Kutoka pale ubao ulikuwa mdogo, na nguzo ya katikati ilikula nusu ya maneno.

Sikupata muda wa kulitafakari neno lake, maana kesho yake prefe aliniita. Alikuwa mtu nadhifu, abakosti yake imepigwa pasi mpaka kwenye kola, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wasiwasi, basi.

"Sitwayen, watoto wako wamekamatwa kwenye reli."

"Waliachwa, Sitwayen Prefe. Hata mlinzi alipima."

"Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi." Hakucheka. "Nimepita darasani kwako. Nimefungua kaye zao. Nyeupe. Mzazi akija hapa kuniuliza mtoto wake amesoma nini, nitamwonyesha nini? Reli?"

Nikasema wanaelewa kuliko zamani. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari njema ya mji mwingine.

"Inspekta anakuja kabla ya Pasaka. Nitamkalisha katika darasa lako la mwaka wa tano, kusudi. Akiridhika, endelea. Akikuta mchezo, darasa lile nitampa Sitwayen Ilunga, anayesoma note vizuri, na wewe utashuka kwa watoto wa mwaka wa kwanza. Mwakani hawa wana mtihani wa taifa. Sitawapeleka kule na rula mkononi."

Niliwaeleza wanafunzi kila kitu. Wenzangu walinilaumu kwa hilo, lakini ungewezaje kumwambia mtu kwamba somo ni lake, kisha umfiche kwamba linataka kuchukuliwa?

Kasongo alikuwa na dawa tayari. "Tuazime kaye za wakubwa wa mwaka wa sita, tukopi yote. Inspekta anahesabu kurasa, hasomi." Wengi wakakubali, tayari wanagawana nani atakopi sura gani. Nikageuka nikafuta ubao. Nakiri kwenu kwamba hata mimi mpango ule ulinivutia kidogo.

Nilipogeuka, Feza alikuwa amesimama.

"Mimi ninataka note," akasema.

Nilikuwa nimezika note, nami niliona fahari kuzizika.

"Kaye yangu si yangu peke yangu," akaendelea. "Mudogo wangu anaingojea, na nyuma yake kuko mutoto wa mama mudogo. Kwetu hakuna kitabu. Kitabu cha fizike katika nyumba yetu njo mimi. Nikirudi na kaye nyeupe, watasoma nini? Na nikikopi ya wakubwa, watasoma yale yale Kasongo alikuwa anaimba na kukohoa."

Darasa likacheka. Kasongo naye akacheka, akijipapasa shingo.

"Sasa unataka nini, Mama Feza?" akauliza.

"Note zetu. Tuandike sisi. Na hata benchi ya nyuma iandike."

Hapo nilijifunza jambo ambalo hakuna chuo kilichonifundisha. Ukimpa mwanafunzi haki ya kupanga somo, ujue atapanga hata lile usilolipenda. Wao walitaka daftari lijae, nami nilitaka liwe tupu. Wao ndio waliojua daftari linakwenda wapi baada ya kutoka mikononi mwao.

Tukaweka taratibu mpya, nyingi zikiwa zao. Benchi lililoleta swali ndilo liliandika note za swali hilo. Liliposoma mbele ya wote, yeyote ambaye hakuelewa aliinua mkono, na sentensi haikupita mpaka mkono ushuke. Maswali yakaanza kuandikwa kwenye vipande vya karatasi, bila jina, yakatiwa ndani ya kopo, ili mdomo mrefu usile zamu ya mdomo mfupi. Tulibishana kwa Kiswahili, tukaandika kwa Kifaransa cha programu. Mimi nilipewa kura moja, kama kila mtu, na mara nyingi nilishindwa. Sentensi ya msukumo wa maji, ile niliyoisoma miaka yote kwa pumzi moja, iliwachukua saa nzima, na ilipopita kila mmoja aliweza kuionyesha kwenye meli dirishani. Na mahali ambapo darasa zima lilikwama, Feza alipendekeza waandike ukweli: hatuyajua, yaani bado hatujajua. Neno hilo likaingia katika kaye kwa Kiswahili chetu, na nafasi nyeupe chini yake kwa atakayejua.

Inspekta alipokuja, zamu ilikuwa ya benchi la nyuma, na swali lilikuwa la mtungi. Kwa nini maji ya mtungi wa udongo yanakuwa baridi, na ya ndoo ya bati hapana? Kasongo alikuwa ameapa kwamba udongo una baridi yake ya kuzaliwa. Feza akamwambia kwamba shangazi yake aliupaka mtungi rangi ya mafuta ili upendeze wageni, na tangu siku hiyo wageni wanakunywa maji ya uvuguvugu. Udongo ule ule, baridi imekwenda wapi? Kwa hiyo wakaleta mitungi miwili iliyofanana, mmoja wakaupaka mawese nje kote, mwingine wakauacha utoke jasho. Wiki nzima jua lilikuwa kali, wakapima kila siku kwa kipimajoto cha shule, na mtungi uliotoka jasho ulishinda kila siku. Waliandika: maji yanapotoka nje na kukauka hewani, yanaondoka na joto la wenzao. Sentensi ikapita, hata Kasongo akashusha mkono.

Lakini siku ya inspekta mvua ilianza kabla ya mapambazuko. Haikuwa ya ngurumo. Ilikuwa ile mvua ya ziwani, nyembamba, isiyo na haraka, inayofanya mlima na maji na paa za mabati kuwa kitu kimoja cha kijivu. Inspekta aliingia, mtu mnene wa makamo, viatu vimeloa, akaenda kukaa nyuma kabisa, kwenye benchi la Feza, kwa kuwa ndilo lililokuwa na nafasi. Prefe alikaa karibu na mlango.

Feza alitoka mbele. Alieleza swali, akaeleza mitungi, sauti yake ikitetemeka mwanzoni kisha ikakaa. Akatumbukiza kipimajoto katika mtungi wa mawese, akasoma. Akakitumbukiza katika ule wa jasho. Akasoma. Akakitoa, akakifuta kwa kitambaa, akarudia.

"Ni sawasawa," akasema.

Benchi la mbele likainuka kutazama. Ni kweli, mitungi yote miwili ilikuwa na joto moja. Wiki nzima ya kazi ilikuwa imelala pale mbele ya inspekta, haina maana yoyote. Prefe alinitazama, na katika macho yake niliona darasa langu likivuka ukumbi kwenda kwa Sitwayen Ilunga.

Kule nyuma inspekta alikuwa amefungua kaye ya Feza. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kasongo alikosea: yule alisoma.

"Sitwayen," akaniita, "hapa imeandikwa hatuyajua. Na hapa tena. Kwa nini ndagala hufuata taa: hatuyajua. Ni wewe uliyewasomea waandike hivi?"

Kabla sijafungua mdomo, Kasongo akasimama. "Hapana, Papa Inspekta. Ni sisi. Tulipiga kura."

"Mlipiga kura kwamba hamjui?"

"Ndiyo. Mwalimu alikataa, tukamushinda."

Inspekta alifunga mdomo wake kwa mkono. Sikujua anaficha hasira au kitu kingine. Kisha akanyoosha kidole kuelekea mitungi. "Na hili la leo? Mtaandika nini? Wiki nzima mtungi huu unapoza, leo haupozi. Wewe, Sitwayen, unajua kwa nini?"

"Ninajua."

"Basi waambie. Watoto wamekwama."

Vijana, mimi nilikuwa na jibu mdomoni, lote, limeiva. Maneno machache tu, na inspekta angeona kwamba mwalimu anajua kazi yake, na prefe angeshusha mabega. Nilitafuta kifutio cha ubao. Kilikuwa mbali.

"Tafazali, Papa Inspekta, asiseme," Feza akasema.

Prefe akainuka nusu. "Mutoto, unaongea na nani vile?"

"Nisamehe, Papa Prefe. Lakini akisema, tutaandika maneno yake. Mutungi ni wetu." Alikuwa ameshika kipimajoto kwa mikono yote miwili. Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ikashuka kama ya binti anayemwambia babake kwamba ana mchuzi kwenye ndevu. "Na wewe, Mwalimu, hata ukinyamaza, sura yako inasema. Sasa ivi umetazama dirisha. Wote wameona. Tafazali, utoke kidogo."

Katika maisha yangu yote ya kazi hakuna mwanafunzi aliyewahi kunitoa darasani, na huyu alinitoa mbele ya prefe na mkubwa wa prefe. Nikamtazama inspekta. Alikuwa ameinamia kaye, mabega yakimtikisika, na aliponyanyua uso niliona anacheka kimyakimya mpaka machozi yanamlenga.

"Sitwayen Prefe, kaa," akasema. "Darasa linafanya kazi." Kisha akaniambia mimi, akijifuta macho: "Toka, Sitwayen. Uzoee. Hata mwakani, wakiwa wa sita, watakutoa."

Prefe alisikia mwakani, nami nilisikia mwakani. Yeye akaketi polepole, akanyoosha abakosti yake magotini. Mimi nikaweka chaki juu ya meza na kuanza kutembea kati ya mabenchi. Nilitembea kwa uzito wa mtu anayetaka kugeuka aone tu kama wanahitaji chochote. Hawakuhitaji chochote. Vichwa vyote vilikuwa vimegeukia mitungi, na hakuna hata mmoja aliyenisindikiza kwa macho.

"Haya," nilimsikia Feza akisema nyuma yangu, na sauti yake haikutetemeka tena. "Nani kwao walifua nguo leo asubuhi? Zimekauka?"

Kasongo akanyanyuka, akaja mpaka kizingitini, akasema, "Samahani, Mwalimu, mvua inaingia," akanifungia mlango.